Je, wajua? Kipimo cha kugeuka rangi hakimwoni bakteria wa tumbo

Kwa miaka mingi niliyachukulia mambo kirahisi. Daktari anashusha kamera tumboni, anakata kinyama kidogo kama punje ya mchele, maabara wanakipima, basi: bakteria yupo au hayupo. Na katika vipimo vyote niliamini kuotesha ndiko kufunga mjadala. Mdudu akiota kwenye sahani amekamatwa, asipoota hayupo. Nusu ya kwanza ya imani hiyo ni sahihi. Ile ya pili ndiyo iliyonipoteza, na sidhani nilikuwa peke yangu.

Anayetafutwa ni Helicobacter pylori, bakteria aliyejisokota kama kizibuo, chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Robin Warren alimwona kwa hadubini huko Perth, Australia, mwaka 1979. Baadaye yeye na Barry Marshall wakahangaika kumwotesha, na sahani baada ya sahani zikatoka tupu. Kwa desturi ya maabara, sahani ambayo haikuotesha kitu baada ya siku mbili ilitupwa. Pasaka ya mwaka 1982 sahani zikaachwa kwenye joto siku kadhaa zaidi kwa sababu ya mapumziko, ndipo bakteria wakaonekana wameota. Walikuwepo tangu mwanzo. Hawakuwa na haraka tu. Mwaka 2005 mabwana hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel, na napenda kufikiri kwamba sikukuu nayo ilistahili kutajwa.

Ndiyo maana "hakuota" ni jibu dhaifu. Bakteria huyu ana madeko: anataka oksijeni kidogo, kiasi cha asilimia 5 wakati hewa tunayovuta ina 21, joto la nyuzi 37, unyevu, na siku tatu hadi saba, pengine zaidi. Kinyama kikikauka au kikichelewa njiani, anakufa kabla hajafika maabara, na sahani haiwezi kutofautisha aliyefia garini na ambaye hakuwepo kabisa. Akiota, hapo shaka imekwisha, na zaidi ya hapo unaweza kumjaribu kwa dawa mbalimbali ujue ipi imeshindwa kumuua.

Kosa langu la pili lilihusu kipimo cha haraka, kile ambacho kinyama hutumbukizwa kwenye jeli ya njano, kisha ikigeuka waridi jibu ni "yupo". Nilidhani ile rangi inampaka bakteria. Haimgusi.

Fikiria kanzu nyeupe iliyodondokewa na mchuzi wenye binzari. Ukipaka sabuni ya mche, doa la njano linageuka jekundu papo hapo. Ukisuuza, linarudi njano. Sabuni haikuongeza rangi. Binzari imejibu tu kwamba mazingira yake yamekuwa ya alkali. Jeli ya maabara hufanya vivyo hivyo kwa rangi nyingine, na "sabuni" yake ni amonia. Amonia inatoka wapi? Kwenye jeli kumewekwa yurea, ileile ambayo mkulima huinunua kwa mifuko. Mkulima akiimwaga juu ya udongo wenye unyevu bila kuifukia, vijidudu vya udongoni huivunja, na sehemu ya mbolea yake inapotea hewani kama amonia. Helicobacter ana kimeng'enya cha kazi hiyohiyo, tena kwa wingi wa ajabu, kwa kuwa anaishi kwenye tindikali ya tumbo na amonia ndiyo inayoizima pale alipo.

Kwa hiyo kipimo hiki kinanusa kazi yake. Ni kama kujua jirani anakaanga samaki bila kuchungulia jikoni kwake. Akikaanga dagaa watatu huku amefunga madirisha, hutasikia harufu. Mgonjwa anayetumia omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, ana bakteria wachache, na kidonda kinachovuja damu nacho hudhoofisha kipimo, hivyo jeli inaweza kubaki njano ilhali bakteria yupo. Na ukiiacha zaidi ya siku nzima, bakteria wengine wenye kimeng'enya kama hicho wanaweza kuigeuza. Huyo ni jirani mwingine anayekaanga.

Hadubini ndiyo inayomwona kwa macho, kinyama kikishakatwa tabaka jembamba na kutiwa rangi kama ya Giemsa, na huonyesha pia hali ya ukuta wa tumbo. Lakini bakteria hutawanyika kwa mabaka, na omeprazoli humhamisha kutoka sehemu ya chini ya tumbo kuelekea juu. Kwa hiyo vinyama huchukuliwa sehemu zote mbili.

Kipimo cha vinasaba, PCR, hutambua hata bakteria wachache sana, na kinaweza kuonyesha mabadiliko yanayomfanya awe sugu kwa klarithromaisini, mojawapo ya antibayotiki za kumtibu. Kasoro yake inachekesha kidogo: kinawahesabu na waliokufa. Mara tu baada ya matibabu kinaweza kusema "yupo" kwa mabaki tu.

Ndiyo sababu wataalamu hupenda kutumia njia mbili kwa pamoja, na kwa kawaida daktari humtaka mgonjwa aache omeprazoli wiki mbili kabla ya kipimo na antibayotiki wiki nne. Kwa anayevuja damu hakuna nafasi ya kusubiri, kwa hiyo jibu lake likiwa "hayupo", hupimwa tena baadaye.