Unga wa nafaka kumi si lishe: kwa vijana mnaokuja kujitolea vijijini

Wiki iliyopita nimepokea tena kundi la vijana waliokuja kujitolea kufundisha lishe katika vijiji vyetu huku Iringa. Wana moyo, wamejilipia nauli wenyewe, na nawashukuru kwa dhati. Lakini waliposhusha mizigo nikaviona vile viroba. Unga wa lishe, kilo hamsini, umesagwa mjini, ndani yake vitu kumi na kimoja. "Dada, tumewaletea akina mama unga wenye kila kitu," kijana mmoja akaniambia. Kauli hiyo nimeisikia mno, kwa wageni na kwa wenyeji, hata kliniki. Leo naijibu kwa maandishi.

"Unga ukiwa na mchanganyiko wa nafaka nyingi, mtoto amepata lishe kamili."

Hapana. Kesho yake, kabla ya mapishi, nilitandika kitenge chini ya mparachichi nikawaomba wale vijana wataje kilichomo kwenye unga, kimoja kimoja. Mama mmoja wa pale kijijini akawa anaweka punje kwenye fungu lake. Mahindi, ulezi, mtama, uwele, ngano, mchele: vyote sita fungu moja. Soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga: fungu la pili. Kikabaki kijiti cha mdalasini. Upande wa mboga hapakuwa na kitu. Matunda, hakuna. Vyakula vya asili ya wanyama, hakuna. Yule mama akayatazama yale mafungu, akasema, "Kumbe mwanangu tunachanganya ugali na ugali."

Ndivyo ilivyo. Ukiongeza nafaka ya tano juu ya nne, hujaongeza kundi la chakula. Umeongeza gharama ya kusaga, na umeongeza tabu jikoni, maana kila punje ina muda wake wa kuiva. Soya ndiyo inayonisumbua zaidi: ikisagwa mbichi ina viini vinavyozuia tumbo la mtoto kumeng'enya protini, ileile protini uliyoinunulia soya. Ni lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kwanza, ikauke, ndipo isagwe. Wengi huipeleka mashineni kama ilivyotoka gengeni. Na mtoto wa miezi saba akipata vipele au akiharisha baada ya kula vitu kumi na kimoja kwa mkupuo, utajua kilichomdhuru ni kipi?

Kisha kuna karanga. Karanga ikishasagwa, mafuta yake yako wazi, na unga ukikaa wiki kadhaa kwenye ndoo unaanza kuchacha. Fungua kifuniko unuse, pua itakwambia. Baya kuliko hilo halinuki: sumukuvu. Ukungu unaoizalisha unapenda hasa mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Punje mbovu ikiwa bado nzima unaweza kuiona ukaitupa. Ikishasagwa huioni tena, na moto wa jikoni hauimalizi hiyo sumu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Wale walikula ugali wao wa kawaida. Mtoto mchanga tunampa mahindi na karanga kwa pamoja, kila siku, asubuhi na jioni, halafu tunaita lishe.

Basi fanya hivi, nami nitalirudia mpaka sauti inikauke. Chagua nafaka moja, ile iliyopo nyumbani. Isage peke yake. Vingine viongezwe sufuriani siku hiyohiyo: karanga zilizochambuliwa na kukaangwa, ukatwanga kiasi cha siku chache tu, au maziwa, au yai, au dagaa waliosafishwa wakasagwa laini. Parachichi lipondwe kwenye bakuli uji ukishapoa kidogo. Kesho badilisha. Huo ndio mchanganyiko: leo na kesho, siyo vyote ndani ya kiroba kimoja.

Na uji uwe mzito. Tumbo la mtoto wa miezi minane linabeba kama kikombe kimoja cha chai. Ukilijaza uji unaotiririka umelijaza maji. Mimi hupima kwa kijiko: inamisha kijiko, uji ukidondoka kama maziwa, rudisha sufuria motoni. Mama atasema mtoto hawezi kuumeza. Hapo ndipo kimea kinapofanya kazi, na sielewi kwa nini tumekisahau, maana wataalamu wetu wa lishe walikuwa wakikihimiza tangu miaka ya 1980. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue, anika, saga. (Ulezi, tafadhali, siyo mtama, kwa sababu chipukizi za mtama zina sumu.) Pika uji mzito, uepue, upoe kidogo, tia kijiko cha kimea ukoroge. Dakika chache tu unalainika bila kuongeza tone la maji. Urudishe uchemke kidogo, mpe mtoto. Mabibi wa huku wanakijua kimea vizuri sana, maana ndicho cha pombe. Waulizeni, watawafundisha.

Ila kinachoniuma kuliko hata sumukuvu ni hiki. Ukimwambia mama kwamba chakula bora ni kile kilichomo kwenye kiroba chako, kilo hamsini zikiisha atajiona hana kitu. Wakati huo maharage yako darini, kuku wanataga, na parachichi zilizokataliwa na wanunuzi zinaoza chini ya miti.

Ziko kauli nyingine ninazozisikia, nazo nazijibu moja moja.

"Kijiji kikiwa na chakula hakiwezi kuwa na udumavu." Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, wa asilimia 30 kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchi nzima. Iringa tulikuwa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa kama asilimia 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine. Ghala likijaa mahindi, mtoto anapata mahindi.

"Sisi ni wafupi kwa ukoo." Vipimo vya ukuaji kwenye kadi ya kliniki vilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Walionyonyeshwa vizuri, wakalishwa vizuri na wasiugueugue, walikua kwa urefu unaokaribiana sana. Ukoo unakuja kuonekana zaidi baadaye.

"Mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele." Ale mayai.

"Nguvu ya nyama iko kwenye mchuzi." Protini na madini chuma yamebaki kwenye ile minofu aliyokula baba. Mkatie mtoto vipande vidogo kabisa, au mpondee.

"Juisi ya rozela inaongeza damu." Wekundu siyo madini chuma. Mjamzito ameze vidonge vyake alivyopewa kliniki, na chai aiweke mbali na mlo.

"Akina mama wa kijijini hawajui, kwa hiyo tuwafundishe." Hii ni ya wageni. Mwaka 1983 mkoa huuhuu ulianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168, ukiungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa uzito hapohapo kijijini, na majibu yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe: mtoto wa fulani amepungua, kwa nini? Utapiamlo mkali ukashuka sana. Swali lilikuwa kwa nini, na wenye majibu walikuwa wao.

Kwa hiyo ukija kwetu, siku tatu za kwanza usifundishe. Sema "kamwene", salamu ya huku, kaa, nenda shambani na mwenyeji wako. Kijana mmoja nilimshurutisha hivyo. Akaondoka na mama saa kumi na moja alfajiri kwenda kuvuna viazi, wakarudi saa tisa alasiri. Mtoto wa mwaka mmoja alikuwa ameachiwa dada yake wa miaka tisa na chupa moja ya uji mwepesi. Makundi ya vyakula yule mama aliyataja yote bila kukosea, alishayasikia kliniki. Jioni ile wakakaa, yeye, mumewe na bibi wa mtoto, wakakubaliana bibi apondee mtoto kiazi na yai saa nne, na maharage na parachichi saa saba. Unga wa yule kijana haukufunguliwa.