Mheshimiwa si mfuko: tunavyowaelewa vibaya wabunge na madiwani wetu

Kwenye mkutano wa hadhara mmoja huku Tandahimba, mkoani Mtwara, mzee alisimama, akavua kofia, akamwambia mbunge: "Mheshimiwa, juzi tumezika, hatukukuona." Makofi yakapigwa. Habari ya salfa, dawa ya mikorosho iliyochelewa, ilisubiri karibu saa nzima.

Dhana: Mbunge mzuri ni mtoaji. Sukari ya futari, jezi, rambirambi, mchango wa jando. Hayo ni utu, sikatai, lakini Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 haiyataji. Inalitaka Bunge kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inaliruhusu kumuuliza waziri swali lolote la mambo ya umma yaliyo chini yake. Hata Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, si hela ya mbunge. Hupitia halmashauri, naye ni mwenyekiti tu wa kamati inayochagua miradi.

Dhana: Wa chama tawala hawezi kuipinga Serikali. Anayesema hivi huku kusini amesahau Juni 2018. Korosho ghafi ikiuzwa nje hutozwa ushuru, na wakati huo sheria ilielekeza asilimia 65 irudi kuendeleza zao lenyewe: pembejeo, utafiti, miche. Muswada wa Fedha ukataka zote ziende Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Mtwara na Lindi waliukataa waziwazi, wa upinzani na wa CCM pia, akiwemo Nape Nnauye wa Mtama. Muswada ukapita hata hivyo. Basi wengine husema walipoteza muda. Mimi naona walifanya kazi waliyotumwa. Kura ya mwisho si ya jimbo moja, na maneno yao yamo kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, yeyote akayasome.

Ibara ya 100 inamkinga mbunge asishtakiwe kwa anachosema bungeni. Lakini akifukuzwa uanachama, Ibara ya 71 inamvua kiti. Ndiyo maana wengine humeza maneno.

Dhana: Barabara mbovu ni kosa la diwani. Barabara za vijijini ziko chini ya wakala wa Serikali, TARURA, tangu 2017, na maji vijijini yako chini ya wakala mwingine, RUWASA, tangu 2019. Diwani hana greda. Ana Kamati ya Maendeleo ya Kata anayoiongoza, na ana kiti kwenye baraza la halmashauri, ambako mbunge naye ni mjumbe. La kumuuliza ni moja: baraza lilipokaa, ulisema nini?

Dhana: Asiyempigia kura hana haki ya kumtuma. Anayo. Jimbo halikatwi vipande baada ya matokeo.

Dhana: Akizembea tunamrudisha nyumbani kesho. Hakuna sheria ya kumwondoa mbunge kwa kura ya wananchi katikati ya miaka mitano. Ndiyo sababu namna ya kumtuma ina uzito kuliko kumzomea.

Turudi kwenye ule mkutano. Kuelekea mwisho mama mmoja alinyoosha daftari la shule la mwanawe. Alikuwa ameandika siku mikorosho yake ilipoanza kutoa maua, siku ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ulipoonekana, siku salfa ilipofika chama cha msingi cha ushirika, na mifuko aliyopewa dhidi ya ile aliyojiandikisha. Akasoma yote taratibu, hakulalamika hata kidogo. Mheshimiwa akaomba lile daftari, akapiga picha kurasa mbili.