Inkubeta ya maabara haitaki joto la vifaranga

Wakulima wengi wa machungwa huku Muheza, Tanga, wanaijua inkubeta kwa kutotolesha vifaranga, nyuzijoto 37.5. Ndiyo maana nasikia mara kwa mara kwamba hata maabara ya magonjwa ya mimea hutumia joto hilohilo, na kwamba likizidi, ukungu huota upesi zaidi. Si kweli.

Chukua chungwa lenye ukungu wa kijani: huanza doa laini, likafuata duara jeupe, kisha katikati vumbi la kijani linalopeperuka ukiligusa tu. Ukungu huu hustawi karibu na nyuzijoto 25. Uweke kwenye 37, hauoti. Mtu ataona sahani ya maabara, ile inayooteshewa ukungu uliotoka kwenye tunda, ikiwa tupu aseme tunda halina ugonjwa, kumbe joto ndilo lililomdanganya. Hilo linaniuma, maana mkulima anarudi shambani bila jibu.

Kazi ya inkubeta ni kushikilia joto lisipande mchana wala kushuka usiku. Haitibu chochote. Na kilichoota kwenye sahani huenda ni uchafu wa hewani; ili kuthibitisha kwamba ndicho kilicholeta ugonjwa, lazima kipandikizwe kwenye tunda lenye afya, dalili zilezile zitokee, kisha kipatikane tena humo.