Haibridi za kuchaji: kwa nini mnunuzi wa kawaida bado anasita

Dhana: Haibridi zote ni kitu kimoja.

Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi akisikia neno haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kinachomjia akilini ni Toyota Prius au Aqua iliyotumika Japani, ambayo hujichaji yenyewe inapopunguza mwendo na haihitaji waya wowote. Haibridi ya kuchaji ni gari jingine: betri yake ni kubwa zaidi, hujazwa kwa umeme wa nyumbani au wa kituo, na inaweza kwenda kilomita kadhaa injini ikiwa imezimwa. Chevrolet Volt, iliyoingia sokoni Marekani mwishoni mwa 2010, ilibeba betri ya kilowati-saa 16 na ilikwenda kilomita 56 hivi kwa umeme mtupu. Prius ya kuchaji ya mwaka 2012 ilikuwa na kilowati-saa 4.4 tu, na umeme wake ulikwisha kabla ya kilomita 20.

Dhana: Umeme ukiisha, gari hukwama njiani.

Halikwami. Injini ya petroli hushika kazi na safari huendelea. Hii ndiyo hofu rahisi kuiondoa, na wala si yenyewe inayowarudisha nyuma wanunuzi walio wengi.

Dhana: Watu hawanunui kwa sababu hawajaelimishwa.

Watetezi wa magari haya hupenda kusema hivyo, nami naona wanamdhulumu mnunuzi, kwa sababu yeye hupiga hesabu vizuri tu. Anayenunua haibridi ya kuchaji hulipia mifumo miwili kwa pamoja: injini yenye tangi, ekzosi na oili ya kubadilishwa kwa wakati, na juu yake mota, betri kubwa na chaja. Volt ilipoanza kuuzwa, bei yake ilikuwa karibu dola 41,000 kabla ya nafuu ya kodi ya dola 7,500, wakati Prius ya kawaida ilianzia chini ya dola 25,000. Vifaa hivyo hula nafasi pia. Mitsubishi Outlander ya petroli iliweza kuwa na safu ya tatu ya viti, ilhali ile ya kuchaji iliyotoka mwaka 2013 iliishia viti vitano, na familia yenye watoto wengi haiwezi kulipuuza jambo hilo.

Akishalipa yote hayo, faida yake huja pale tu anapochomeka waya karibu kila jioni. Mwenye uwa au gereji hapati taabu, lakini anayeishi ghorofa ya nne na kuegesha gari barabarani hana pa kuchomeka. Hapo ndipo penye kikwazo hasa: asiye na pa kuchaji hupata nafuu zaidi kwa haibridi ya kawaida, ambayo ni nyepesi na rahisi, na mwenye pa kuchaji ambaye safari zake ni fupi anaweza kwenda moja kwa moja kwenye gari la umeme mtupu. Anayebaki katikati ni yule mwenye soketi nyumbani na safari ndefu za mara kwa mara. Huyo yupo, ila si yeye mnunuzi wa kawaida.

Dhana: Karatasi ya vipimo vya gari ikiandika lita 1.9 kwa kilomita 100, ndivyo gari litakavyotumia.

Hizo ndizo lita alizopewa Outlander ya kuchaji katika vipimo vya zamani vya Ulaya, pamoja na gramu 44 za kaboni dioksidi kwa kilomita. Kanuni yenyewe ndiyo iliyokuwa karimu mno. Ilichukulia kwamba, kati ya kuchaji mara moja na nyingine, dereva humaliza umbali wote wa betri kisha huendesha kilomita 25 tu kwa injini. Kwa gari linalokwenda kilomita 52 kwa umeme, zaidi ya theluthi mbili ya mwendo wake ilihesabiwa kuwa haina moshi hata chembe. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilichapisha matokeo ya vifaa vya kupima mafuta vilivyomo ndani ya magari yaliyosajiliwa 2021, yakaonyesha kwamba haibridi za kuchaji hutoa wastani wa mara 3.5 ya kiwango kilichoandikwa, huku magari ya petroli na dizeli yakizidi chao kwa takriban asilimia 20. Mnunuzi aliyepatwa na hayo akimsimulia jirani yake, tangazo gani litayafuta maneno hayo?

Dhana: Mauzo ya Uholanzi yalithibitisha kwamba watu waliyapenda magari haya.

Desemba 2013 Outlander ya kuchaji iliongoza mauzo ya magari mapya nchini humo. Kilichovuta zaidi ni kodi: mfanyakazi aliyepewa na kampuni gari la gramu zisizozidi 50 alisamehewa kodi ya matumizi binafsi, na msamaha huo ulikuwa unafungwa mwaka ule ukiisha. Kodi ilipopandishwa hatua kwa hatua hadi kulingana na ya magari ya petroli mwaka 2017, mauzo yaliporomoka. Uingereza nako ziliripotiwa habari za magari ya kampuni yaliyorudishwa nyaya zake za kuchaji zikiwa bado ndani ya mifuko ya plastiki.

Dhana: Basi teknolojia yenyewe imeshindwa.

China inakanusha. Mwaka 2024 kampuni ya magari ya BYD peke yake iliuza karibu magari milioni 2.5 ya aina hii, zaidi ya yale yake ya umeme mtupu. Msamaha wa kodi ya ununuzi ulisaidia, lakini jiji la Shanghai, ambako namba za usajili wa gari huuzwa ghali kwa mnada, lilikwisha kuacha kuyapa namba za bure tangu mwanzo wa 2023. Februari ya mwaka huohuo BYD ilitoa Qin Plus ya kuchaji kwa yuani 99,800, bei ya kushindana ana kwa ana na saluni za petroli. Hata isipochajiwa, hutumia mafuta machache kama haibridi ya kawaida, kwa hiyo mnunuzi wake hakuhitaji kwanza kujiuliza kama atakumbuka kuchomeka waya kila jioni.