Je, Wajua Kwa Nini Mbwa wa Afghani Ana Manyoya Marefu Lakini Mgongo Wake Una Manyoya Mafupi?

Ukimwona mbwa wa Afghani aliyekomaa utadhani ametoka kunyolewa. Manyoya laini kama hariri yanamshuka mbavuni, mapajani na miguuni hadi kufunika vidole. Masikio yamezama ndani ya nywele, na utosini ana shungi linaloangukia pande zote mbili za uso. Lakini kuanzia mabegani hadi kwenye shina la mkia, mgongo una manyoya mafupi yaliyolala, na uso nao vivyo hivyo. Je, ni kazi ya mkasi?

Hapana. Mgongo ule hujitengeneza wenyewe, na kanuni za Marekani za mashindano ya mbwa hawa zinataka waonyeshwe katika hali ya asili, bila kukatwa wala kupunguzwa manyoya.

Mtoto wa mbwa huyu hazaliwi na sura hiyo. Ana manyoya ya kitoto mwili mzima, na mara nyingi hata ndevu ambazo baadaye hupotea. Baada ya mwaka wa kwanza hivi, manyoya ya kitoto hung'oka na ya utu uzima huchukua nafasi. Hapo ndipo mgongo unapoanza kujionyesha: yale marefu yanang'oka, yanaota mafupi. Wengine huwahi, wengine huchelewa sana. Ni kipindi kigumu kwa mfugaji, kwa sababu manyoya yanayong'oka hujisokota na yale mapya yakafanya mafundo, na asipochanwa mara kwa mara mbwa huumia ngozi.

Chanzo cha urefu kiko kwenye mzunguko wa unywele. Kila unywele huota kwa muda fulani, husimama, hupumzika, kisha hung'oka. Kadiri muda wa kuota unavyorefuka, ndivyo unywele unavyorefuka. Mwilini kuna jeni iitwayo FGF5 ambayo kazi yake ni kutoa amri ya kusimama. Mbwa akirithi nakala mbovu ya jeni hiyo kutoka kwa baba na kwa mama, amri huchelewa. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa duniani inatokana na jeni 3 tu, FGF5 ikiwa mojawapo. Ajabu ni kwamba badiliko la FGF5 walilolikuta kwa mbwa wengi wa manyoya marefu halikueleza manyoya ya mbwa wa Afghani. Jibu lilipatikana mwaka 2013: jeni ni ileile, ila yeye ana mabadiliko yake mwenyewe. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kupendeza kuliko yote kuhusu mbwa huyu. Hata hivyo ngozi ya mwili mmoja hailingani kila mahali, na mgongoni na usoni unywele huacha kuota mapema.

Kwao Afghanistan, manyoya hayo yalikuwa kinga ya baridi ya milimani kwa mbwa anayewinda kwa macho na kwa mbio. Wale wa nyanda za chini na jangwani walikuwa na manyoya machache. Aina zote mbili zilifika Uingereza: kundi la wafugaji wa familia ya Bell-Murray mwaka 1920, lenye mbwa warefu wa manyoya haba, na lile la mfugaji Mary Amps kutoka Kabul mwaka 1925, lenye mbwa wa milimani waliofunikwa vizuri. Mbwa wa leo ni uzao wa makundi hayo, na wafugaji wa mashindano wameendelea kuchagua wenye manyoya mengi zaidi, kiasi kwamba picha za mbwa wa miaka ile zinaonyesha wanyama waliovaa nusu tu ya vazi la sasa.

Mloweshe maji ndipo utauona mwili wenyewe. Ni mwembamba, una kifua kirefu kwenda chini na tumbo lililopanda, nao umeinuliwa juu ya miguu mirefu: dume hufikia sentimita 68 hadi 74 begani, jike 63 hadi 69. Nyayo ni kubwa, hasa za mbele. Mkia una manyoya machache na ncha yake hujikunja pete, na akitembea huuinua. Macho yanakaribia umbo la pembetatu na yameinama kidogo kuelekea puani.

Mgongoni, karibu na mkia, mifupa miwili ya nyonga hutokeza waziwazi, ikiwa imeachana. Wageni huishika wakaamini mbwa ana njaa, wakamwongezea chakula. Mifupa hiyo hutokeza hata kwa mbwa aliyeshiba na mwenye afya, na kanuni za mashindano zinaitaja kuwa alama ya mbwa huyu. Ikishapotea chini ya mafuta, ni dalili kwamba amenenepa kupita kiasi.