Jiang Qing jukwaani: dhana potofu kuhusu mke wa Mao

Karibu kila anayetaka kumwigiza Jiang Qing, mke wa mwisho wa Mao Zedong, huanzia kwenye jambo moja: yeye mwenyewe alikuwa mwigizaji. Ni kweli. Shanghai ya miaka ya 1930 ilimjua kwa jina la jukwaani, Lan Ping. Tatizo ni kwamba waandishi wengi wa tamthilia na wa wasifu wakishafika hapo hujiona wamemmaliza. Siasa zake wanaziita maigizo, hasira zake maigizo, hata kesi yake maigizo. Dhana hii ina madhara pande mbili. Inafuta kazi ya sanaa aliyoijua kwa dhati, na inafunika mateso ya watu halisi.

«Alikuwa mwigizaji aliyeshindwa, akaja kulipiza kisasi»

Mwaka 1935 alimwigiza Nora katika tamthilia maarufu ya Ibsen wa Norwei, yule mke anayefunga mlango na kuiacha nyumba ya mumewe. Aliyemwigiza mume alikuwa Zhao Dan, mmoja wa waigizaji wakubwa wa kizazi chake nchini China. Lan Ping alisifiwa. Kwenye filamu nyota yake haikung'aa hivyo, na nafasi nyingi alizopewa zilikuwa ndogo, lakini jukwaani hakuwa mtu wa kubeza. Tena alikuwa amepata mafunzo ya sanaa huko Jinan, mkoani Shandong, akiwa bado kijana mdogo, na humo mlikuwa na opera ya jadi.

Kisasi je? Tazama kilichofanyika Oktoba 1966, mwanzoni mwa Mapinduzi ya Utamaduni, ile kampeni ya Mao dhidi ya walioitwa maadui wa mapinduzi. Nyumba za wasanii kadhaa wa Shanghai zilivamiwa usiku na watu waliojivika sura ya Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao. Zhao Dan alikuwa mmoja wa waliovamiwa. Mwongozaji filamu Zheng Junli pia. Waliovamia walitafuta barua, picha na karatasi za zamani zinazomhusu Lan Ping, na jambo hili lilielezwa mahakamani miaka kumi na minne baadaye. Zheng Junli alifia gerezani mwaka 1969. Zhao Dan alikaa kifungoni zaidi ya miaka mitano. Mwigizaji Wang Ying, aliyewahi kushindana naye kuwania nafasi ya tamthilia moja mwaka 1936, alifia kizuizini mwaka 1974.

Mimi hapa naona hofu zaidi kuliko wivu. Watu hawa waliyajua maisha yake ya kabla ya Yan'an, ngome ya wakomunisti alikokutana na Mao: ndoa zake, mashaka yake, magazeti yaliyomwandika. Mke wa Mwenyekiti hakutaka yajulikane. Mwigizaji anayemchukua kama msanii aliyekosa makofi anakosa kitu kizito zaidi, yaani mtu mwenye dola mkononi anayefuta mashahidi wa maisha yake mwenyewe.

«Zile opera nane za mfano alizitunga yeye»

Wengine husema kinyume, kwamba hakufanya lolote ila kutia saini. Yote mawili si kweli. Kwanza kazi hizo za mfano, yaani zile zilizotangazwa kuwa kielelezo cha sanaa ya mapinduzi, hazikuwa opera nane: zilikuwa opera tano za Beijing, bale mbili na simfonia moja. Ile ya taa nyekundu, kwa mfano, iliandikwa na Weng Ouhong pamoja na A Jia, na A Jia ndiye aliyeiongoza. Baadaye A Jia alishutumiwa kuwa adui wa mapinduzi na kazi ikabaki kwenye sifa za bibi mkubwa. Huo ni wizi, na uitwe hivyo.

Hata hivyo alikuwa na sikio na jicho. Alikaa kwenye mazoezi, akabadilisha mwanga, rangi ya kiraka cha nguo, mwendo wa mhusika. Ala za magharibi ziliingia kwenye okestra ya opera ya Beijing chini ya usimamizi wake, na mtunzi Yu Huiyong ndiye aliyeifanya kazi nzito ya muziki. Wanawake waliwekwa katikati ya jukwaa. Katika opera ya bandarini, kiongozi ni mwanamke, Fang Haizhen, anayewasimamia makuli wa Shanghai wanaopakia mbegu za mpunga kwenda Afrika. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam huenda hajui kwamba bara letu limo humo ndani, likiimbiwa na makuli wa China.

«Usiku ule wa 1972 ulikuwa kama unavyoonekana kwenye opera ya John Adams»

Tarehe 22 Februari 1972 Jiang Qing aliwapeleka Rais Nixon wa Marekani na mkewe Pat kutazama bale ya kikosi chekundu cha wanawake. Walikaa, wakatazama, wakapiga makofi. Opera ya Adams, mtunzi Mmarekani, inahusu ziara hiyo; ilifunguliwa Houston mwaka 1987, nayo inamfanya Pat Nixon akimbilie jukwaani kumwokoa mcheza bale anayechapwa, na mwimbaji anayemwigiza Kissinger, mshauri wa Nixon, ndiye anayegeuka kuwa mwovu. Ni ubunifu wenye nguvu sana. Halafu Jiang Qing anasimama na kuimba kwa sauti ya juu kabisa kwamba yeye ni mke wa Mao, na tangu hapo watu wengi humsikia hivyo tu: mkali, wa kioo. Opera hiyo ilipofunguliwa, Jiang Qing mwenyewe alikuwa hai bado, mfungwa Beijing.

Bright Sheng, mtunzi aliyeishi Mapinduzi ya Utamaduni nchini China kwenyewe, alichagua njia nyingine katika opera yake ya mwaka 2003 huko Santa Fe. Aliwapa waimbaji wawili nafasi hiyo moja, kijana na mzee. Naipenda hatua hiyo, maana inamlazimisha mtazamaji kuuliza ni lini yule kijana alipotea.

«Yeye ndiye aliyeyaleta Mapinduzi ya Utamaduni, na mwisho akanyongwa»

Alikamatwa tarehe 6 Oktoba 1976, wiki nne baada ya Mao kufariki. Kesi ilianza Novemba 1980. Washtakiwa walikuwa kumi. Kati ya washirika wake wa karibu kisiasa, Zhang Chunqiao alinyamaza karibu kesi nzima, Wang Hongwen alikiri, na Jiang Qing alibishana na majaji hadi akatolewa nje ya ukumbi. Televisheni ikabaki na sura yake. Pale pale alisema alikuwa mbwa wa Mwenyekiti Mao, na aliyeambiwa amuume alimuuma. Waigizaji wanaipenda sentensi hii na wengi huitamka kama kichaa. Isomeni tena kama hoja ya utetezi: mwenye mbwa hayupo kizimbani. Mwezi Juni 1981 Chama cha Kikomunisti chenyewe kiliandika kwamba Mao ndiye aliyeanzisha na kuongoza mapinduzi yale. Hilo halimtakasi Jiang Qing. Aliuma kweli, na waliokufa walikufa.

Hakunyongwa. Alihukumiwa kifo kwa kusubiri miaka miwili, adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha mwaka 1983, naye alijiua Mei 1991. Zhang Chunqiao alipewa hukumu ile ile siku ile ile, Januari 1981. Anayetaka kumweka Jiang Qing jukwaani amweke na Zhang pembeni yake, amekaa kimya, kamera zikimpita.