Kabla ya kulipia simu mpya, pima mtandao chumbani

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi alipanda ngazi hadi karakana yangu, hatua chache kutoka Luthuli Avenue jijini Nairobi, akiwa na karatasi ya daftari aliyoiandikia majina ya simu tatu: Samsung Galaxy A16 ya 4G, Redmi Note 14 ya 4G na Infinix Hot 50. Alikuwa na shilingi 25,000 na malalamiko ninayoyasikia kila siku, kwamba simu yake ya zamani ilikuwa ikizima kabla ya saa kumi alasiri na kwamba intaneti nyumbani kwake Kayole ilikuwa ikitambaa. “Fundi, nichagulie moja hapa niende,” aliniambia. Nikamuuliza, “Mwalimu, ukipiga simu ya video nyumbani, huwa unasimama wapi?” Alicheka, kisha akakiri kwamba husimama dirishani, karibu na sinki.

Jibu hilo lilinieleza mengi kuliko karatasi yake. Betri ya simu ya zamani niliipima, nikaikuta bado ina nguvu ya kutosha kwa umri wake. Nilimwomba aahirishe ununuzi kwa siku mbili, aazime laini ya mtandao wa pili kutoka kwa mwanawe, aiweke kwenye nafasi ya pili ya simu hiyohiyo, kisha aniandikie namba anazoziona katika vyumba vyote vya nyumba na katika chumba cha walimu shuleni. Katika simu nyingi za Android namba hizo hupatikana kwenye Mipangilio, ndani ya Kuhusu simu, mahali panapoeleza hali ya laini. Huandikwa kwa alama ya kutoa mbele na herufi dBm nyuma, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwa 4G, kutoka -80 hadi -90 ni hali njema kabisa, -100 inatumika bila shida kubwa, na ukishapita -110 unaishi kwa kubahatisha.

Aliporudi, namba za laini yake ya siku zote zilikuwa -112 chumbani na -88 dirishani. Watu huzitazama namba hizo kana kwamba ni alama za mtihani na kudhani kwamba tofauti ya 24 si kubwa. Kipimo hiki hakiendi hivyo: kila hatua ya namba 10 ni mara kumi, kwa hiyo kati ya kitanda na sinki nguvu ya mawimbi ilipungua takriban mara 250, kwa sababu ya kuta mbili za mawe na jengo la jirani lililo karibu kiasi cha kuweza kupeana chumvi kupitia dirishani. Laini ya pili ilisoma -95 chumbani humo humo. Sitaji mitandao hiyo kwa majina, kwa kuwa mtaa wa pili tu kutoka kwake majibu yangeweza kugeuka kabisa. Inategemea mnara umesimama wapi, umeelekezwa upande gani na kuna kuta ngapi katikati.

Sasa turudi kwenye betri. Simu haipokei tu, nayo hujibu, na mnara unapoisikia kwa shida huiamuru ipaze sauti. Simu ya kawaida ya 4G inaruhusiwa kurusha mawimbi ya hadi miliwati 200, na ile iliyolala mahali pa -112 hukaa karibu na kikomo hicho kila inapotuma ujumbe, picha au hata taarifa ndogo za programu zinazojisasisha zenyewe usiku. Hata betri mpya ikiwekwa katika chumba kile kile italiwa vile vile. Ninasema hivi nikijua kwamba kubadilisha betri ni sehemu ya riziki yangu. Hali huwa mbaya zaidi kwa simu ya laini mbili ambayo laini moja haina mtandao kabisa mahali ulipo, kwa maana simu haikati tamaa: huitafuta laini hiyo mchana kutwa. Kama una laini ya akiba usiyoitumia, izime kwenye mipangilio mpaka siku utakapoihitaji.

Wakazi wengi wa Nairobi hubeba laini mbili, na sababu inaeleweka. Tangu Aprili 2011 sheria inakuruhusu kuhama mtandao ukiwa na namba yako ileile, lakini M-PESA, iliyoanza mwaka 2007, ni huduma ya Safaricom na haikufuati unapohamia Airtel. Ndiyo maana watu wachache huhama, na wengi hubakiza laini ya Safaricom kwa ajili ya pesa huku wakinunua bando kwenye laini nyingine wanayoiona nafuu au yenye kasi zaidi mahali wanapoishi. Mpango huo ni mzuri, ila una kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji. Simu nyingi za bei ya kati zina redio moja, yaani kifaa kimoja cha kurusha na kupokea mawimbi, inayogawiwa laini mbili, hivyo unapozungumza kwenye laini ya kwanza, intaneti ya laini ya pili husimama. Madereva wa teksi za programu wanaifahamu hali hiyo vizuri: abiria anapiga kueleza geti lipi, na ramani inaganda papo hapo, katikati ya mzunguko wa barabara. Ukiwa na kazi ya namna hiyo, ni afadhali simu na bando viwe kwenye laini moja, na simu yenyewe iwe inaweza kupiga kupitia 4G katika mtandao wako, la sivyo itashuka hadi 3G au 2G kila unapoitwa na intaneti kushuka nayo. Uwezo huo hautegemei maandishi ya kwenye boksi peke yake, kwa kuwa ni lazima mtandao nao uwe umeikubali aina hiyo ya simu. Weka laini yako, piga ukiwa dukani, na utazame alama ya 4G kama inabaki au inatoweka.

Masafa, yaani njia za mawimbi ya redio ambazo mtandao hutumia, ndiyo sehemu ambayo hata mimi iliwahi kunigharimu. Masafa ya chini husafiri mbali na kupenya kuta kuliko ya juu, na kwa sababu hiyo megahezi 800 ambazo Safaricom huzitumia kwa 4G zina thamani kubwa kwa mtu anayekaa ndani ya jengo la mawe au mbali na mji. Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu aliniletea kutoka Marekani simu ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la huko. Mjini ilifanya kazi bila tatizo, lakini nilipokwenda nyumbani Murang'a ilikaa kwenye 3G wiki nzima huku simu ya mama, ya bei ya nusu yake, ikipata 4G jikoni. Nilipoisoma orodha ya masafa nikakuta yale ya 800 hayamo, kwa kuwa mitandao ya Marekani haiyatumii kwa namna hiyo. Faiba, mtandao mwingine wa hapa nchini, nao una sharti lake: 4G yake iko kwenye megahezi 700, masafa yanayoandikwa kama bendi ya 28, na simu isiyo na bendi hiyo haitaiona kabisa hata ukisimama chini ya mnara. Simu mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana katika jambo hili kwa sababu moja ilikusudiwa Afrika na nyingine bara jingine. Kwa hiyo angalia namba ya modeli iliyoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa jina la kwenye tangazo halitakuambia chochote.

Kuhusu 5G nitasema machache. Safaricom iliifungulia majaribio Machi 2021 na Airtel ikafuata Julai 2023, na panapofika inakimbia kweli. Kwa bajeti ya 25,000, hata hivyo, fedha unazoongeza ili upate herufi hiyo huwa zimekatwa mahali pengine, mara nyingi kwenye kioo au kwenye hifadhi. Kama nyumbani na kazini kwako hujawahi kuiona kwenye simu ya mtu mwingine, usiilipie.

Hapo ndipo tulipozirudia zile simu tatu. Kwa mwalimu, tofauti kati ya simu hizo ilikuwa ndogo kuliko nilivyomwona akitarajia. Galaxy A16 ya 4G inatumia prosesa, yaani ubongo wa simu, ya Helio G99, Redmi Note 14 ya 4G inatumia G99 Ultra ambayo ni ndugu yake wa damu, na Hot 50 inatumia Helio G100 ambayo licha ya namba yake kubwa ni ya ukoo huo huo. Kwa WhatsApp, kusahihisha mitihani na programu ya benki, hakuna binadamu atakayezitofautisha akiwa amefumba macho. Redmi ina betri kubwa zaidi, ya mAh 5,500 dhidi ya 5,000 za wenzake, na huchajiwa kwa wati 33, jambo linaloonekana wazi asubuhi ya mtu aliyechelewa. Samsung imeondoa tundu la visikizi, nalo si jambo dogo kwa mwalimu anayesikiliza redio akiwa ndani ya matatu.

Mimi niliegemea Samsung kwa sababu moja, ahadi ya masasisho ya miaka sita, ambayo kwa simu ya bei hii ni ndefu isivyo kawaida, na katika zile nyingine mbili sikuona ahadi inayoikaribia. Masasisho huonekana kama anasa hadi siku programu ya benki inapokataa kufunguka. WhatsApp iliacha kuhudumia Android 4.4 mwaka 2025, na nilipokea simu kadhaa ambazo wenyewe walidhani zimeharibika, kumbe zilikuwa zimezeeka tu.

Jambo lililomvutia mwalimu kwenye Hot 50 lilikuwa maandishi ya “RAM 16GB”, RAM ikiwa ni kumbukumbu ambamo simu hufanyia kazi zake. Ilibidi nimweleze kwamba nane kati ya hizo zimekopwa kutoka kwenye hifadhi. Hifadhi ni polepole mno kuliko RAM, kwa hiyo nane hizo ni kama viti vya plastiki vinavyoongezwa nyuma ya kanisa: watu watakaa, ila hawataona mhubiri. Linganisha simu kwa RAM yenyewe pekee, bila hizo za kukopwa.

Kisha tukapiga hesabu ambayo ningependa kila mnunuzi aipige. Mwalimu hununua bando la shilingi 50 kwa siku. Kwa mwaka hiyo ni 18,250, na kwa miaka mitatu, umri wa kawaida wa simu mikononi mwa mtu mwangalifu, ni 54,750. Tofauti ya shilingi 3,000 kati ya simu hii na ile, iliyomnyima usingizi juma zima, ni matumizi yake ya siku 60. Laini inayompa data zaidi kwa shilingi hizo hizo, au inayofika chumbani bila kumlazimisha kurudia kupakua video iliyokatika, ina uzito mkubwa kuliko chochote kilichoandikwa kwenye zile boksi tatu.

Aliniuliza pia juu ya mkopo. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulipoanza mwaka 2020 kwa shilingi 20 kwa siku uliwafungulia mlango watu waliokuwa hawajawahi kushika simu janja, na sina neno baya juu ya wazo lenyewe. Shida ni kwamba namba ya kila siku huificha jumla. Mteja wangu mmoja, mwendeshaji wa boda, alilipa malipo ya kwanza ya shilingi 4,000, kisha 85 kila siku kwa mwaka mmoja, kwa simu ambayo duka la pili liliiuza kwa 22,000 taslimu. Zidisha mwenyewe: 35,025. Alipochelewa siku tatu kwa sababu ya homa, simu ikajifunga, na kwa kuwa simu hiyo ndiyo kazi yake, homa ya siku tatu ikawa njaa ya siku tano. Anayelazimika kukopa aombe jumla iandikwe kwenye risiti kabla ya kutia sahihi.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akahamishia bando lake kwenye laini ya pili, akaacha M-PESA kwenye ya kwanza, kisha akanunua Infinix. Nilishangaa kidogo, nikamuuliza sababu. Alinijibu kwamba ana mtoto wa miaka minne, na kwamba katika maelezo yangu yote alikuwa amesikia neno moja nililolipitia kwa haraka: kioo cha Samsung na cha Redmi ni cha aina ya AMOLED, ambacho kukibadilisha hugharimu mara kadhaa ya kioo cha LCD kama cha Hot 50. Sikuwa na la kumjibu.

Jumanne iliyopita alirudi. Kioo kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe, na mtoto mwenyewe alikuwa ameshikwa mkono, kimya, akitazama sakafu. Nilimpa mwalimu kiti, nikaagiza kioo kutoka duka la chini, na chai yake ilikuwa haijapoa nilipomrudishia simu.